Miaka tisa na sedan ya Mjerumani mlimani Kilimanjaro: mliniambia nitoe shokapu za upepo, nikatoa, nikajuta, nikarudisha

Wakuu wa jukwaa la magari, habari za mihangaiko. Wakubwa zangu humu shikamooni. Wadogo zangu marahaba, hata kama hamjanisalimia.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa miaka. Kila wiki lazima aje mtu aandike yuko mkoani, amepata sedan kubwa ya Mjerumani iliyotumika, anaomba ushauri. Na kila wiki mnamjibu kwa sauti moja kama kwaya: kimbia, utauza figo, utauza na shamba la mama.

Mimi sikukimbia. Nina mwaka wa tisa. Figo zote mbili ninazo na shamba la mama lipo na migomba yake.

Kwa hiyo leo naongea mimi. Na nitaongea ukweli bila kuongeza chumvi, maana presha ninayo tayari.

Kampuni ya gari sitaji. Sitaki ugomvi na Wazungu, Kiingereza changu hakitoshi kujitetea, Kijerumani ndiyo kabisa. Jueni tu ni jeusi, refu, V6, viti vya ngozi, na badala ya springi lina shokapu za upepo. Mnaolijua mmeshalijua, na najua mmeshaanza kucheka.

Chekeni tu, nawasubiri.

Mimi ni fundi makochi, niko Njoro hapa Moshi mjini. Shule niliishia form two. Wenzangu wanasema waliacha kwa sababu ya maisha magumu. Mimi niliacha kwa sababu ya hesabu. Ile x ilikuwa inatafutwa kila siku na kesho yake imepotea tena, nikaona hawa watu hawako serious.

Gari nililipataje?

Kuna mzee mfanyabiashara alilileta nimshonee siti ya nyuma, paka alikuwa amepitia na kucha. Nikaingia ndani kupima. Wakuu, mimi nimekalia makochi tangu nina miaka kumi na saba, kiti kikiwa kinadanganya najua. Kile hakikudanganya. Nilikaa kama dakika ishirini nikijifanya napima.

Baada ya miezi kadhaa nikasikia mzee analiuza, limewasha taa ya check engine na watoto wake wamemwambia aachane nalo. Nikampa pikipiki yangu, nikampa na kiwanja nilichokuwa nacho kule chini tambarare, tukamalizana.

Wife hakunisemesha wiki nzima. Alikuwa ananipakulia chakula kwa ishara.

Mtaani Njoro ndiyo usiseme. Jamaa wa kijiweni waliniita Balozi. Mwingine akaniuliza kama bendera nimeshaagiza. Nikamwambia bendera inakuja, tunasubiri kwanza mafuta.

Mwaka wa kwanza lile gari lilinifundisha kuliko shule yote niliyosoma. Bomba la rejeta lilipasuka napandisha kwetu milimani, moshi ukatoka mpaka kina mama waliokuwa shambani wakaja na ndoo za maji wakidhani naungua. Vioo viligoma kupanda siku ya mvua. Taa za dashibodi zilikuwa zinawaka kwa zamu kama zimepangiwa lindo.

Kilichoniokoa ni fundi Dulla. Huyu ni kijana wa hapa hapa Moshi, ana mashine yake ya kupimia na ana kitu ambacho mafundi wengi hawana: akiwa hajui anasema hajui. Tulikubaliana tangu mwanzo, gari haliguswi na fundi mwingine na yeye hagusi kitu kabla hajapima.

Ushauri wangu wa kwanza ndio huo, chukueni bure. Mjerumani haui mtu. Wanaoua ni wale mafundi watano tofauti, kila mmoja anafungua alichofunga mwenzake.

Oil niliweka inayotakiwa. Maji ya bomba kwenye rejeta marufuku, hata kama umekwama na mto uko pembeni unakuita. Oil ya gia boksi nilibadilisha mapema, sikusikiliza wale wanaosema haibadilishwi maisha yote. Maisha ya nani?

Msiniulize nimetumia kiasi gani mpaka leo. Wife yuko humu jukwaani na ID yake siijui.

Na sikulifungia ndani kama bibi harusi. Nyumbani kwetu ni juu, ukifika Kwa Sadala unaacha lami ya Arusha unapandisha. Huko kuna kihamba chetu, ndiyo lile shamba la ukoo la migomba na kahawa, na Mama yuko hapo na ng'ombe wake wawili wa ndani. Mimi ndiye kitinda mimba, kwetu kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba na mama. Kwa hiyo nikipanda juu lazima nibebe majani ya ng'ombe kutoka chini.

Nilishona turubai la buti kwa vipimo, nikabeba majani kwenye V6. Nimebeba pumba. Nimebeba ndama mmoja akiwa na mguu umevunjika, alikaa siti ya nyuma ametulia kuliko watu wengi niliowahi kuwapa lifti. Siku moja kidumu cha maziwa kilimwagika, gari likanuka mgando mwezi mzima, mpaka jamaa mmoja nilimpakia akauliza kama na uji upo.

Sasa tuje kwenye upepo.

Mwaka wa sita shokapu zikaanza kuvuja. Kwa wasiojua, hizi shokapu zina mifuko ya mpira ndani yake, kompresa inajaza upepo, gari linasimama. Mpira ukichoka, upepo unatoka taratibu. Unaacha gari limesimama vizuri, ukirudi baada ya masaa kadhaa unalikuta limekaa chini kama kuku anayetaga. Ukiwasha, kompresa inalia, gari linajinyanyua lenyewe.

Pale kijiweni waliacha kuniita Balozi. Wakaanza kuniita Muumini, kwa sababu gari linapiga magoti.

Nikaleta swali humu humu, kwa ID yangu ya zamani ambayo nimesahau password. Mkanijibu kurasa nne: toa huo uchafu, weka springi za kawaida, lala usingizi. Hakuna hata mmoja aliyesema subiri. Nawakumbuka wote kwa avatar.

Kabla sijaamua, Mama akaanguka.

Ilikuwa msimu wa mvua, alikwenda kukata mgomba kwa ajili ya ng'ombe, akateleza. Nyonga. Akaletwa hospitali hapa mjini, akafungwa chuma, akalala pale wiki kadhaa.

Mama yangu mjue ni mtu gani. Ana miaka sabini na kitu, hiyo kitu hasemi. Ni Mlutheri wa mstari wa pili kutoka mbele, ile sehemu kwenye benchi kila mtu anajua ni yake. Ndiye anayewafundisha wajukuu Katekisimu kabla hawajaenda kwa mwinjilisti, maana anasema mwinjilisti ana huruma sana. Na hajawahi kubebwa na mtu.

Siku ya kutoka hospitali, kaka yangu mkubwa, Kaka Eli, alikuwa ametuma maneno kutoka Dar kwamba Mama asipande gari langu bovu. Apelekwe na pick-up ya shemeji Wilfred. Huyu shemeji amemuoa dada yangu, wanakaa jirani na Mama, mtu mzuri sana, mpole.

Pick-up ikaja. Mama akaletwa na magongo yake mpaka mlangoni. Akaangalia ule mlango ulivyo juu. Mguu haunyanyuki zaidi ya shubiri moja.

Shemeji akasogea, akanyoosha mikono amnyanyue.

Wakuu, kwetu mkwe hamshiki mama mkwe wake kiuno. Kwanza hata kukaa naye benchi moja wazee wa zamani hawakutaka. Shemeji mwenyewe alinyoosha mikono huku anaangalia pembeni, masikini. Mama akamwambia kwa upole, "Wilfred baba, rudisha mikono."

Tukasimama pale jua linawaka, hakuna anayejua afanye nini.

Gari langu lilikuwa pembeni, nimeliacha hapo tangu asubuhi. Lilikuwa limeshakaa chini kabisa, bampa linabusu vumbi. Mama akaliangalia. Akaenda na magongo yake mwenyewe, akaniambia nifungue mlango wa nyuma. Akageuka, akakaa, akaingiza mguu mmoja, akavuta na wa pili kwa mkono. Hakuna aliyemgusa.

Akafunga mkanda, akasema, "Hili gari lina adabu kuliko nyie."

Nikawasha. Likaanza kunyanyuka naye ndani, taratibu. Mama akashika kiti cha mbele, macho yamemtoka, halafu akacheka. Alikuwa hajacheka tangu aanguke.

Na kumbe kushuka ni rahisi zaidi. Tulipofika nyumbani gari liko juu, kiti kimempandisha, akaweka miguu chini akasimama tu. Daktari alikuwa amesema asikae chini sana, nikamwongezea sponji ngumu kwenye ile siti mwenyewe. Hiyo ndiyo kazi yangu, hapo hata profesa hanifundishi.

Ikawa ndio utaratibu. Jumamosi napanda juu, gari linalala nyumbani kwa Mama, likiamka Jumapili limeshapiga magoti. Mama anaingia, tunakwenda usharikani, anashuka kwa miguu yake mbele ya watu wote. Mstari wa pili, sehemu yake.

Sasa hapo mtu mwenye akili angeelewa. Mimi nikawa bado nina kurasa zenu nne kichwani.

Nilikuwa naona lile gari ni bovu na Mama anavumilia. Sikuona kwamba anachokitumia ndio huo ubovu. Nikajiambia mtoto mwema anatengeneza gari la mama yake. Na kipaimara cha Upendo kilikuwa kinakaribia, mtoto wa dada na shemeji Wilfred, huyo Mama alimfundisha amri zote kumi na maelezo yake kwa kichwa. Nikataka siku hiyo gari lisimame kama gari la mtu mwenye maana.

Nikampelekea Dulla. Tukatoa shokapu za upepo zote nne, tukafunga springi. Dulla akaniuliza mara mbili kama nina uhakika. Nikamwambia tena weka zile ndefu, kule kwetu kuna mawe.

Aisee, gari lilisimama. Lilisimama kama mbuzi yuko juu ya jiwe. Nikapanda nalo Jumamosi mchana, kila shimo napita nacheka. Shemeji akalizunguka, akasema sasa hili ndilo gari. Kaka Eli alikuwa amekuja kutoka Dar kwa ajili ya kipaimara, akanipiga bega. Kaka Eli hajawahi kunipiga bega tangu form two.

Jumapili asubuhi Mama akatoka. Kitenge kipya, kilemba, kiatu kimepakwa kiwi na Upendo mwenyewe kabla hajatangulia kanisani na wenzake. Akafika kwenye gari, akageuka kama kawaida, akakaa.

Hakukuta kiti. Alikuta hewa. Kiti kilikuwa juu ya kiuno chake.

Tulimdaka mimi na Kaka Eli.

Tukaleta kigoda. Akaweka mguu mzima juu, ule mbovu ukagoma kufuata, akayumba. Tukajaribu upande wa pili. Tukajaribu siti ya mbele. Kaka Eli akasema basi tumbebe tu, watoto wake si tupo. Mama akamwangalia mpaka akaacha kuongea.

Kengele ya kwanza ikalia.

Mama akarudi barazani, akakaa kwenye kiti chake cha mbao. Akasema, "Nendeni. Mtoto asisimame peke yake."

Nikasema nabaki naye. Akakataa, akasema mimi ndiye baba mdogo... hapana, samahani, mimi ni mjomba, nikikumbuka siku ile nachanganyikiwa mpaka leo. Akasema mjomba lazima awepo.

Nikaenda. Upendo alipoulizwa maswali pale mbele alijibu vizuri sana, lakini alikuwa anaangalia mstari wa pili. Ile sehemu ilikuwa wazi. Watu walibanana kwenye mabenchi na hakuna aliyeikalia.

Baada ya ibada yule mtoto hakusubiri hata picha. Alitangulia nyumbani kwa miguu na gauni lake jeupe. Tulipofika tukamkuta amesimama barazani mbele ya bibi yake anarudia majibu yote upya, na bibi yake anamsahihisha neno moja.

Mimi nikaenda nyuma ya banda la ng'ombe nikajifanya naangalia majani.

Iliyofuata ilikuwa mbaya zaidi. Jumapili kadhaa Mama hakwenda kanisani. Mchungaji, kwa nia njema kabisa, akaanza kumletea Meza ya Bwana nyumbani. Na kwenye matangazo ya ibada jina lake likaanza kusomwa kwenye orodha ya wagonjwa wa kuombewa.

Jirani ndiye aliyemwambia. Nilipopanda Jumamosi Mama hakunilaumu kwa chochote, alinipa mtori wa ndizi, akaniuliza habari za wife. Halafu akasema hivi, akiwa anaangalia migomba yake:

"Wameshanisoma na wagonjwa, Godi. Mimi siumwi. Nimekosa mlango tu."

Wakuu, hapo ndipo nilipogombana na nyie wote kimoyomoyo.

Jumatatu niko kwa Dulla saa mbili asubuhi. Nikamwambia nataka shokapu zangu za upepo. Dulla akasema tatu ziko stoo, moja jamaa wa Babati alishaichukua.

Nikampigia huyo jamaa. Akasema ameshaifunga. Nikampigia tena. Akasema gari linatembea vizuri. Kesho yake nikapanda basi nikaenda Babati, nikamkuta, nikamweleza habari ya Mama kuanzia mgomba mpaka matangazo ya kanisani. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kumbe naye ana mama. Akaniambia sikupi hii, lakini ninayo ile yangu ya zamani niliyoitoa nilipofunga hii, ina ufa kwenye mpira, kama una fundi chukua.

Nikarudi nayo nimeipakata kama mtoto mchanga. Kondakta akanishauri niiweke chini, nikamwambia hujui tulikotoka.

Sasa tatizo likawa hili. Mipira ya zamani imechoka kabisa, haina siku nyingi, lazima ibadilishwe. Ikibadilishwa, gari halivuji tena. Likiacha kuvuja halipigi magoti. Na lenyewe kiwandani limetengenezwa linaweza kujiinua zaidi kwa kubonyeza kitufe, ila kujishusha mpaka chini halikubali, linaona ni aibu. Dulla akasema hapo pamemshinda, kwenye mashine hakuna.

Mimi nikaenda kukaa karakana kwangu. Nina kompresa ya upepo ya kupigia pini za makochi. Nimeitumia zaidi ya miaka kumi. Kila jioni kabla sijafunga, nafungua koki ndogo pembeni, upepo unatoka fyuuu, nafunga naondoka.

Nilikuwa nimeshika ile koki ndipo nikasimama kama mtu amepigwa kofi.

Siku iliyofuata tukaweka mipira mipya, shokapu zikarudi zote nne. Kisha tukakata bomba la upepo la kila shokapu, tukaingiza koki nne za kompresa ya makochi, tukazipanga ndani ya buti nyuma ya kapeti. Ukizifungua zote, gari linashuka mpaka chini muda wa kuhesabu kumi. Ukizifunga ukawasha, linapanda.

Dashibodi ilipiga kelele zote inazozijua. Dulla akaniambia, "Wajerumani wakiona hii watalia." Nikamwambia walie, wakimaliza waje wamnyanyue Mama.

Mtu wa form two mwenzangu unayesoma hapa, simama upigiwe makofi.

Nililipeleka gari kwa Mama wiki hiyo hiyo, sikusubiri sherehe yoyote. Akaangalia likishuka. Akaangalia likipanda. Akaniambia nirudie. Akaingia, akatoka, akaingia tena. Akasema "aika", ndiyo asante yetu, halafu akaniuliza ibada ya Jumapili ni saa ngapi kama vile hajui.

Jumapili ile alishuka mbele ya kanisa kwa miguu yake. Kabla ya kwenda kwenye benchi alimfuata mzee wa kanisa anayesoma matangazo, akamwomba aone ile karatasi. Akatoa kalamu kwenye pochi, akakata jina lake mwenyewe, akamrudishia.

Ningeishia hapa, lakini kuna Desemba.

Desemba Wachagga wote wa duniani wako nyumbani, hilo mnalijua mpaka mnatutania. Kaka Eli akaja. Na hakuja na gari lake, alikuja na gari la Mama. Alikuwa amelinunua, jipya machoni, jeupe, refu kwenda juu, na mlangoni amefunga ngazi ya chuma inayojitokeza yenyewe ukifungua. Ukoo mzima ukapiga makofi.

Jioni saa kumi na moja, nyama ya mbuzi iko motoni na mbege, pombe yetu ya ndizi, imeshazunguka mara moja, Kaka Eli akasimama akaongea. Anaongea vizuri, amesoma. Akasema tunashukuru mdogo wetu amejitahidi, ila Mama hawezi kuendelea kubebwa na kitu kilichofungwa koki za makochi. Akasema liuzwe, hili jipya likae kwa Mama, na dereva wake niwe mimi mwenyewe. Shemeji akaangalia chini. Wajomba wakatikisa vichwa kwamba ni kweli.

Nikasema tu siuzi.

Kaka akauliza kwa nini. Nikasema siuzi Kaka, nichukie tu. Nikasema hilo lako ni zuri na nakuheshimu, lakini hukumuuliza anayelipanda, na mimi nilishafanya kosa hilo hilo na nilimkosesha kipaimara. Hapo nikageuka kupindua nyama, macho nikasingizia moshi.

Mama alikuwa anasikia yote. Kaka akasema basi kesho Krismasi Mama apande jipya, mtaona.

Asubuhi magari mawili yako uani. Mama akatoka na magongo. Kwa heshima ya mtoto wake wa kwanza akaenda kwanza kwenye lile jeupe. Ngazi ikajitokeza, nzuri kweli. Akaweka mguu mzima. Ule mwingine akauita mara tatu, haukuja. Kaka Eli akanyoosha mikono, akakumbuka, akairudisha.

Mama akashuka ngazi. Akampangusa Kaka vumbi begani, ambalo hata halikuwepo. Akamwambia, na ua wote ulisikia:

"Eli mwanangu, gari lako ni zuri sana. Kesho mpe Wilfred likabebe majani ya ng'ombe."

Wakuu, shemeji Wilfred yule mpole alicheka mpaka akakaa chini.

Nikafungua koki. Fyuuu. Mama akakaa, akavuta mguu, akafunga mkanda. Halafu akapiga siti ya pembeni yake kwa kiganja, anamwita Kaka.

Kaka Eli akaingia. Tukakaribia kanisa. Namwona kwenye kioo anapitisha kidole kwenye mshono wa ngozi, taratibu, kama mtu anasoma.

Akaniuliza, "Hizi siti umezishona wewe?"

Nikasema mimi.

Akasema, "Zimekaa vizuri."

Kwa Kaka Eli hiyo ni hotuba.

Hali ya gari leo: engine iko safi, gia boksi haijafunguliwa. Taa ya suspension inawaka muda wote na itawaka mpaka Yesu arudi. Koki moja nimebadilisha, ilikuwa inavuja, yaani safari hii inavuja bila ruhusa yangu. Mama anakwenda kanisani, anakwenda kikundi cha kina mama, juzi alinituma nimpeleke Kwa Sadala sokoni akachague mbegu ya maharage mwenyewe, eti mimi nachagua kama mtu wa mjini.

Na lile jeupe linabeba majani kweli. Shemeji analisifia sana.

Nilichojifunza: kabla hujatengeneza gari, kaa kwanza siti ya yule anayelipanda kwa shida, uone anashika wapi. Ninyi mlinishauri kwa nia njema na gari langu mlilijua kuliko mimi. Mama yangu hamkumjua. Nilitakiwa kumjua mimi.

Sasa njooni. Najua mtasema koki zile ni hatari, mtasema ABS, mtasema bima, mtasema nimeharibu gari la heshima. Semeni yote, nasoma kila comment na nitawajibu mmoja mmoja. Mwenye mzazi mwenye nyonga au goti na gari lenye shokapu za upepo, aulize hapa, nitampigia picha za buti.

Ila atakayeandika "toa weka springi", huyo nampa namba ya benchi la Mama, mstari wa pili. Akamwambie mwenyewe.